Kutoka utingo hadi chuo cha malori, na kurudi tena

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, mama alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Mama akipiga saa hizo ujue kuna msiba au kuna suala la hela. Namshukuru Mungu, lilikuwa la hela. Mdogo wangu anayenifuata, ambaye kwa miaka minne amekuwa akisomba nyanya za watu pale Ilula kwa kirikuu, ameamua anataka kuwa dereva wa malori makubwa. Yale ya kwenda Zambia na Kongo. Sasa njia ziko mbili, mama akaniambia. Kuna chuo, ada yake si mchezo, na muda wote wa masomo hataingiza hata shilingi. Halafu kuna mtu mmoja mjini anasema anaweza kumtafutia leseni ya daraja E bila kukanyaga darasani. Anachotaka ni chini ya nusu ya ada.

"Wewe ndiye uliyesoma," mama akasema. "Tuambie, huko chuoni kuna nini ambacho barabarani hakipo?"

Jamani, mimi ni mwandishi wa habari. Ajali za malori nimeziandika mpaka nimechoka, na kila mara nimeweka ile sentensi yetu ya kila siku kwamba chanzo ni mwendo kasi na breki kufeli. Lakini swali la mama lilinikuta sina jibu. Dereva wa lori anafundishwa nini hasa? Nani alianza kumfundisha? Nikaomba ruhusa ya siku nne kazini, nikapanda basi kwenda kwa babu.

Babu yangu aliendesha malori kwa zaidi ya miaka thelathini na hajawahi kukaa kwenye dawati la chuo chochote cha udereva. Nilimkuta uani anachambua maharage. Shikamoo, marahaba mjukuu wangu, habari za Dar, nzuri, basi nikamweleza shida yangu. Akacheka. "Mimi pia nilisoma chuo," akasema. "Chuo chenyewe kilikuwa kinatembea."

Ili muelewe alichomaanisha inabidi nirudi nyuma kidogo. Wavumilivu nifuateni.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao bila ridhaa ya Uingereza. Sisi tunaikumbuka habari hii kwenye somo la historia kama suala la siasa tu, Nyerere na OAU na kadhalika. Kwa Zambia ilikuwa suala la tumbo. Nchi ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, haina bahari, na karibu kila kitu ilichonunua na kuuza kilipita kwa huyo huyo Smith. Mwezi uliofuata, Uingereza ilipoiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta, Rhodesia nayo ikaikatia Zambia mafuta yake. Waingereza, Wamarekani na Wakanada wakaanza kusafirisha mapipa ya mafuta kwa ndege. Ndege kubeba mafuta! Ni njia ya gharama mno, haiwezi kuendesha nchi yenye migodi ya shaba.

Ikabaki barabara moja, ya kutoka Dar es Salaam kupita Morogoro, Mikumi, Iringa, Mbeya hadi Tunduma, kisha kuingia Zambia hadi kwenye migodi. Kutoka Dar hadi Tunduma peke yake ni kilomita 900 na ushei. Sehemu kubwa wakati huo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Mapipa ya mafuta yakawa yanakwenda, shaba inarudi. Magazeti ya Kiingereza yaliipa barabara hiyo jina la Hell Run, safari ya jehanamu, na wazee wa Iringa wanasema waandishi hawakutia chumvi. Malori yalizama, yalipinduka, yaliwaka. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na wabia kutoka Italia, zikaanzisha kampuni ya usafirishaji, Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat yakaanza kumiminika bandarini.

Sasa fikirieni. Unaweza kununua malori mengi kwa mkupuo mmoja, yakashushwa kwenye meli yakiwa yanang'aa. Madereva je? Hao hawashushwi kwenye meli.

Hapo ndipo babu alipoingia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akapata kazi ya utingo. Kwa wasomaji wa Kenya, utingo ndiye nyinyi mnayemwita taniboi, neno lililotokana na kazi ya kuzungusha hendeli ili injini iwake. Na angalieni hilo "boi" la mwishoni. Mtu aweza kuwa na mke na watoto wanne, bado ni boi. Kazi za utingo zilikuwa kupakia, kufunga turubai, kubadilisha matairi, kupika, kulala juu ya mzigo usiibwe, na ile kubwa kuliko zote: kukimbia nyuma ya lori linapopanda mlima, mkononi ameshika kigingi cha mti. Lori likishindwa na kuanza kurudi nyuma, utingo anakitupia kigingi nyuma ya tairi. Akichelewa, lori linakwenda bondeni na dereva wake. Akiwahi vibaya, anakwenda yeye.

Mdogo wake babu alikwenda hivyo, mwaka 1967, kwenye mlima wa Kitonga, wakati wa mvua. Nilikuwa najua kwamba babu alikuwa na mdogo wake aliyekufa kijana. Sikujua alikufa vipi. Babu aliniambia huku anaendelea kuchambua maharage, hakuinua macho, na mimi sikuuliza la pili.

Dereva aliyemfundisha babu alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, askari wa zamani wa KAR. Huyu alijifunza udereva vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na kikosi cha usafirishaji cha jeshi la Afrika Mashariki, na kikosi hicho kilifundisha maelfu ya Waafrika kuendesha malori. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuketi hata kwenye kiti cha abiria. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopigana Burma, dhidi ya Wajapani, malori yake yalipita kwenye tope lile la misitu ya masika likiwa mikononi mwa vijana wa kutoka huku kwetu. Mwalimu wa babu alikuwa mmoja wao. Vita vilipokwisha akarudi na medali na ufundi. Medali haikumpa kitu, ila ufundi ulimlisha mpaka uzeeni.

Kwa hiyo chuo cha kwanza cha malori Afrika Mashariki, ukiniuliza mimi, kilikuwa jeshi. Hata Ulaya na Marekani mambo yalikuwa hivyo hivyo, vita viwili vikuu ndivyo vilivyozalisha madereva kwa wingi. Na msidhani wenzetu walikamilisha mapema sana. Marekani, pamoja na malori yake yote, sharti la nchi nzima kwamba dereva mpya wa lori lazima apitie mafunzo ya nadharia na vitendo kwenye chuo kilichosajiliwa, kabla ya kufanya mtihani wa leseni, lilianza Februari 2022. Juzi tu.

Babu anasema kila alfajiri yule mzee alimwamsha kwa teke dogo la mguuni na kumwambia "gwaride!" Halikuwa gwaride la watu, lilikuwa la lori. Wanazunguka gari lote kuanzia mlango wa dereva, upande wa kushoto wa saa, wanaligusa. Oili, maji, mkanda wa feni, nati za tairi moja moja, taa, springi, kamba za mzigo. Njiani wakisimama kunywa chai, gwaride fupi. Usiku wakilala, gwaride la mwisho. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ndivyo jeshi la Waingereza lilivyogawa ukaguzi wa gari, wa kwanza, wa kituoni na wa mwisho, na kwa Kiingereza waliuita gwaride kweli. Babu hakujua hilo. Yeye alidhani ni wazimu wa mzee.

Usukani alipewa mwaka wa tatu, usiku, sehemu tambarare, gari likiwa tupu. Leseni ilikuja baadaye. Huo ndio uliokuwa utaratibu: mwaka wa kwanza unapakia, wa pili unajua injini, wa tatu unaendesha dereva akisinzia. Hakuna mtaala ulioandikwa mahali. Mwalimu akiwa mlevi, unahitimu ulevi. Akiwa muuza mafuta ya tajiri kwa madumu, unahitimu hilo nalo. Babu alibahatika.

Halafu mambo yakabadilika haraka. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola, lilifunguliwa 1968. Barabara ikawekwa lami, kazi iliyomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 Smith akaufunga mpaka wake na Zambia, alipotaka kuufungua Kaunda akakataa, na mpaka 1978 mzigo ukabaki unategemea njia nyingine, barabara yetu ikiwa mojawapo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, Wachina waliimaliza 1975. Ungedhani baada ya bomba na reli malori yangepungua. Pita pale Mikumi usiku uone kama yamepungua.

Ila lami ilileta balaa jipya. Babu ananiambia tope lilikuwa linaua polepole, lami inaua haraka. Kwenye tope huwezi kukimbia hata ukitaka. Sasa yule utingo aliyejifunza kwa kukimbia nyuma ya lori na kigingi akawa dereva wa gari lenye tela, mzigo wa tani nyingi, mteremko wa lami mbele yake, na ufundi wake wote aliupata kwenye mwendo wa kobe. Mwaka huo huo wa 1973 ikatungwa Sheria ya Usalama Barabarani ambayo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo tunayoitumia hadi leo. Mwaka 1975 kikaanzishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo. VETA ikaja kwa sheria ya mwaka 1994. Udereva wa lori ukaanza kuwa kitu cha darasani.

Babu alipofika hapo akanyamaza, akasema, "Mpeleke mwenzio chuo. Yule mtu wa mjini mwambie hela imeisha." Akaongeza kwamba asipopelekwa yeye anauza ng'ombe. Babu ana ng'ombe wawili tu, kwa hiyo nilijua hatanii.

Tukachanga. Mimi nilitoa mshahara wa mwezi na nusu, na msiniulize niliishije. Septemba dogo akaanza chuo kimoja Dar, akalala kwangu kwenye kochi, na kila jioni nikawa namhoji kama mshukiwa. Siku kadhaa nilikwenda mwenyewe kusimama ukutani na kutazama. Kwa hiyo wale mnaofikiria njia hii, au mna ndugu anayeifikiria, nawapa nilichokiona.

Cha kwanza, hutagusa usukani haraka. Dogo alikuja siku ya tano amenuna. Alidhani kwa sababu ana leseni ya gari dogo na miaka minne ya kirikuu atapanda lori siku ya pili. Wapi! Ilikuwa ni darasa, alama za barabarani, sheria, uzito wa ekseli na mambo ya mizani, namna ya kujaza fomu za mzigo. Halafu wakatolewa nje, wakapangwa mstari mbele ya lori lililozimwa, na mwalimu akaanza kulizunguka kutoka mlango wa dereva. Oili. Maji. Mkanda. Nati za tairi moja moja. Mimi ukutani pale mwili ulinisisimka. Wale vijana walikuwa wanafanya gwaride la mzee wa Burma na hawajui.

Cha pili ni upepo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipogundua kwamba sentensi yangu ya "breki kufeli" ilikuwa ya mtu asiyejua anachoandika. Gari dogo breki zake ni za mafuta. Lori kubwa linatumia upepo: pampu inayoendeshwa na injini inajaza hewa kwenye mitungi, na ukikanyaga breki hewa hiyo ndiyo inayokwenda kusukuma breki za kila tairi. Ndiyo maana lori likiwashwa haliondoki hapo hapo. Unasubiri geji ipande. Breki ya kuegeshea inashikwa na springi nzito, na upepo ndio unaoiachia. Kwa hiyo upepo ukiisha kabisa lori halikimbii, linajifunga lenyewe. Dogo aliponieleza haya nilimkatalia. Sasa yale yanayoshuka Kitonga bila breki yanakuwaje?

Jibu ni joto. Dereva anashuka na gia kubwa, mzigo unamsukuma, anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga tena. Kila mkanyago ni msuguano, na msuguano ni moto. Ngoma za breki zinapata moto mpaka breki hazishiki tena, hata kama mitungi imejaa upepo tele. Unakanyaga mpaka chini na gari linaendelea. Mwalimu wao aliwapa kanuni ambayo madereva wa dunia nzima wanaijua: mlima unaushuka na gia ile ile ambayo ungeupandia. Na gia hiyo unaiingiza juu, kabla mteremko haujaanza, kwa sababu ukishaanza kusukumwa kuipata gia ndogo ni bahati nasibu. Unaiacha injini ikuzuie, unatumia na breki ya eksozi kama ipo, breki ya mguu unaigusa kwa hesabu. Wale wanaotoa gia na kuliachia gari liserereke ili kubana mafuta, alisema mwalimu, wanauza roho kwa lita mbili za dizeli.

Cha tatu kitakudhalilisha, nacho ni kurudi nyuma na tela. Uwanja una koni, unatakiwa uliingize tela kati ya mistari miwili kama unaegesha kwenye geti la ghala. Usukani ukiupeleka kulia, mkia wa tela unakwenda kushoto. Ukishtuka ukarudisha kwa nguvu, kichwa na tela vinakunjana kama kisu cha kukunja. Niliona kijana mmoja mwenye misuli, dereva wa daladala wa miaka mingi kwa maelezo yake, akigonga koni nne mfululizo na kushuka anafuta jasho. Binti aliyekuwa pamoja nao, mmoja tu darasa zima, aliliingiza mara ya tatu. Siri yake nilimuuliza: anakwenda polepole kuliko wote, na anashuka kwenda kuangalia nyuma bila kuona aibu. Wanaume walikuwa wanaona aibu kushuka.

Na sehemu ya barabarani? Fupi. Fupi kuliko nilivyotegemea kwa ada ile. Wanafunzi wengi, lori moja, kila mtu anapata zamu yake ya dakika kadhaa kisha anapanda nyuma kusubiri. Hakuna mlima. Hakuna usiku. Hakuna mvua. Hakuna tani thelathini mgongoni. Nilimuuliza mwalimu kuhusu hilo, naye hakukasirika. Alisema wao wanamfundisha mtu asiue siku ya kwanza, mengine atayakuta.

Desemba dogo akafaulu. Cheti anacho, leseni ya daraja E anayo, kwa njia halali. Mama alipiga vigelegele kwenye simu mpaka spika ikakwaruza. Januari tukaanza kuzunguka kwenye makampuni na wamiliki wa malori, mimi na yeye, bahasha mkononi. Kila mahali tulipokwenda walikitazama cheti kwa heshima, wakakirudisha, wakauliza swali moja: una uzoefu wa miaka mingapi?

Sikuwalaumu sana, nisiseme uongo. Lori na mzigo wake ni mamilioni mengi mno kumkabidhi kijana aliyeendesha dakika kadhaa za zamu. Lakini hasira nilikuwa nazo. Tuliuza nini, tulichanga nini? Jioni moja nikampigia babu kumweleza, nikitegemea atanipa pole. Akasema, "Ee, sasa ndiyo anaanza chuo," na akaniambia nimtafute mtoto wa rafiki yake mmoja wa zamani, ana lori lake mwenyewe na tela, anakwenda Ndola na Lubumbashi. Mtu wa gwaride, alisema babu.

Ndivyo dogo alivyoondoka Dar mwezi wa pili, na cheti chake kwenye begi, akiwa utingo. Kigingi cha mti siku hizi ni kabari mbili za mpira zinazoning'inia ubavuni. Kupika bado anapika. Usukani anapewa kuanzia Makambako kwenda mbele, mchana tu, dereva akiwa macho.

Wiki iliyopita walikuwa wanarudi na shaba. Alinipigia wakiwa wamesimama juu ya Kitonga, kabla ya kuanza kuteremka, kwa sababu pale dereva wake hapitilizi, lazima wasimame wazunguke gari. Nilimsikia anapumua, nikasikia vyuma vinagongwa nyuma yake. Nikamuuliza leo nani anashusha. "Yeye," akasema. "Mimi ameniambia nihesabu mara ngapi anagusa breki." Halafu akaniambia nisubiri, wameanza na upande wa kushoto, bado nati za nyuma.